Kiti cha Mchumaji

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, misa ya pili ikiisha, Sesilia alikwenda Boko kwa rafiki yake Jenipher akiwa na bakuli la kisamvu na chupa moja ya mvinyo iliyovishwa kanga. Ndiyo ilikuwa sheria ya mezani pale: kila mmoja alete mvinyo wa Ulaya, auvishe kanga kuanzia shingoni hadi kitakoni, na wenzake wauonje na kukisia nchi na mwaka. Mwamuzi alikuwa Hamoud, mwenye duka la kona. Hamoud hakunywa, alikuja kula samaki, na asiyekunywa hana upande.

Chupa ilipofunguliwa waliongeza kiti kimoja cha plastiki, kwa sababu mmoja wa waliochuma zile zabibu angepiga hodi mlango wa jikoni, aingie, asalimie na kula nao hadi chupa iishe. Alikuja vile alivyokuwa mwaka ulioandikwa kwenye lebo. Alikwisha kuja mama wa Kiromania akaomba pilipili, na kijana wa Senegali akamaliza sahani tatu za wali. Ferdinand, aliyehudumia meza za hoteli kubwa miaka thelathini, alizungusha glasi na kuzungumzia harufu ya ngozi na ya karafuu, lakini kila mtu alijua kwamba alikuwa akiangalia viatu vya mgeni.

Jumapili moja ya Septemba Jenipher alifungua chupa yake. Akaingia mwanamume mwenye mabuti ya mpira, mkasi wa kuchumia ukiwa bado mkononi.

"Hodi jamani. Shikamooni."

Ferdinand alitua glasi. "Jeni, umetuchezea rafu. Hii siyo ya Ulaya. Hii ni Dodoma."

Hamoud akaandika Dodoma. Sesilia alikuwa ameinamia sahani, anatoa miba ya samaki, hakuwa amemtazama mgeni.

"Dada Sesi," mgeni alisema.

Alikuwa Albano, mdogo wake, aliyekwenda Italia mwaka 2019. Mwaka wa pili simu yake ilinyamaza na haikupatikana tena. Kwao Masasi, wazee walikwisha kuamua kwamba Desemba waweke matanga hata bila maiti, jambo liishe. Mbuzi alikuwa ameshafungwa uani. Mama mtu alichoka kungoja, akakubali. Sesilia peke yake ndiye aliyekataa.

Sesilia alimshika mkono, akalia. Albano aliomba kisamvu. Alikula huku akieleza, kama mtu anayeeleza ratiba ya mabasi, kwamba msimamizi wa shamba aliwanyang'anya pasipoti siku ya kwanza na kuzifungia kwenye sanduku la chuma, watu arobaini. Simu ilitumbukia kwenye pipa la zabibu, namba zote zikapotea. Walilala kumi na wawili kwenye kibanda cha nailoni.

"Sasa si uende polisi?" Jenipher aliuliza.

"Kituoni wanaanza na kuuliza pasipoti, sista."

Mazoea yana taabu. Miaka thelathini ilikuwa imemfundisha Ferdinand kwamba glasi tupu ni aibu ya mhudumu, basi kila alipoiona aliijaza. Sesilia alipoinua macho kumpa mdogo wake salamu za mama, Ferdinand alikuwa ameinamisha chupa, anakung'uta tone la mwisho. Kiti kilikuwa kitupu, na kisamvu kimebaki nusu.

"Nisamehe, Sesi," Ferdinand alisema.

Jenipher aliivua chupa kanga yake. Italia, 2021. Hamoud akafuta Dodoma.

Jioni Sesilia alimpigia mjomba Alfonsi, msemaji wa wazee.

"Shikamoo mjomba. Albano amekuja kula."

"Marahaba. Amekuja wa mwaka gani?"

"Elfu mbili ishirini na moja."

"Mwaka ule hata baba yako alikuwa hai, mwanangu. Asiyekuwepo na lake halipo. Tutaweka matanga."

Sesilia hakubishana, maana mjomba alisema kweli. Alichohitaji ni lebo ileile ya mwaka wa karibuni. Alizunguka maduka wiki tatu, mpaka akaikuta Kigamboni, rafu ya chini kabisa: 2024. Usiku hakulala vizuri. Shamba moja lina wachumaji wengi, na angeweza kuja yeyote. Na kama Albano hakuiona 2024, basi angekuja mwingine kwa vyovyote, angekula samaki, na mbuzi angechinjwa.

Jumapili ya Oktoba chupa ilikuja imevaa kanga, kwa sababu sheria ni sheria. Ferdinand alikalia mikono yake. "Leo mie simimini," alisema. Sesilia alivuta kizibo mwenyewe. Mlango wa jikoni ulikaa kimya, kimya mno, hata Hamoud akaacha kutafuna.

"Hodi jamani."

Albano alikuwa na mvi mbili tatu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, ndevu zimenyolewa.

"Umependeza," Jenipher alisema. "Kuna harusi?"

"Toka mlipofungua ile ya kwanza, kila msimu wa kuchuma navaa hivi. Sikujua mtafungua ya mwaka gani."

Sesilia alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Alimpakulia, kisha akauliza habari ya pasipoti.

"Ipo sandukuni. Tumefika hamsini sasa."

Sesilia alimpigia mama simu, akafungua spika na kuilaza kando ya sahani.

"Mama, shikamoo," Albano alisema.

Upande wa Masasi kuku walisikika, na mtu akitwanga. Kutwanga kukaacha.

"Marahaba. Umekula?"

"Ndiyo nakula, mama."

"Kula ushibe." Halafu wakamsikia akipaza sauti kuelekea uani: "Alfonsi! Mfungue huyo mbuzi!"

Walizungumza hadi mvinyo ukapata joto. Ilipobaki glasi moja hakuna aliyeigusa, na Albano ndiye aliyesema wasiache, kwa sababu mistari ya mizabibu ilikuwa bado mirefu na msimamizi alikuwa amekwisha kupiga filimbi. Alikunja vizuri mikono ya shati isichafuke.

"Ya mwakani muinunue mapema," alisema.

Sesilia alimimina, akanywa kidogo kidogo. Jenipher alipoanza kukusanya viti, alikipita kile kimoja, akaenda kuosha vyombo.