Tumbo la Kihenge

Mume wangu Nkwabi alifuma kihenge chetu cha mwisho cha kuhifadhia mahindi akiwa tayari anakohoa. Alikifanya chembamba juu, kama shingo ya kibuyu, ili panya wapate tabu kuingia. Akakipaka udongo na samadi, akakikalisha juu ya mawe. Alipokuwa hai, yeye ndiye aliyepanda kuangalia chakula. Akishuka alisema, "Kipo," nami sikuuliza zaidi. Nilienda kupika.

Huu ni mwaka wa kwanza bila yeye. Nilipojaza mahindi nilisimamisha ufito mrefu ndani, kama nilivyokuwa nikimwona akifanya. Magunia ya akiba yalipoisha mwezi wa kumi, nilifungua kihenge, na kila mwisho wa mwezi nikapanda na kisu, nikakata alama kwenye ufito pale mahindi yalipofikia. Kila mwezi yalishuka shubiri nzima. Mwisho wa Januari zilibaki shubiri mbili na kidogo.

Hesabu hiyo hata mimi niliyesoma kisomo cha watu wazima niliiweza. Miezi miwili, basi. Na sisi huku Shinyanga tunavuna mwezi wa sita.

Nikampigia mwanangu Edson, aliyeko Nyarugusu na mkewe Paskalia. Yeye anachimba dhahabu, mke anapikia wachimbaji.

"Mayu, shimo letu limejaa maji," akasema. "Mwezi wa tatu sasa hatujatoa kitu. Mlete Vumilia. Mdomo mmoja utapungua huko, na huku atamsaidia mama yake kuosha vyombo. Mkivuna atarudi shule."

Vumilia ni mjukuu wangu wa kwanza kati ya watatu ninaolea, yuko darasa la sita. Ninawajua watoto waliokwenda machimboni kwa miezi michache. Sijamwona aliyerudi darasani. Lakini wadogo zake wangekula nini? Nikasema sawa. Safari ikapangwa Jumamosi. Mtoto akakunja nguo zake mbili kwenye mfuko, akautundika kwenye msumari bila kulia, na hilo ndilo lililoniumiza.

Alhamisi asubuhi akaja Mwalimu Sesilia na wanafunzi kama ishirini, wamebeba kamba na rula ya ubaoni. Huyu mwalimu wazazi walimwita Mwalimu wa Kamba. Walilalamika kwamba anazungusha watoto kijijini badala ya kuwafundisha. Nilicheka nao, sitaficha. Ingawa kila asubuhi, nikipita karibu na shule kwenda kisimani, nilisikia darasa lake likikariri kwa sauti moja kama zamani zetu.

"Shikamoo, Mama Edson."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni."

"Tumekuja kukuomba kihenge. Tunataka kujua kimebaki na debe ngapi bila kutoa hata punje."

Nikamtazama Vumilia, aliyekuwa kati yao, akainamisha kichwa. Alikuwa amemwambia. Mwalimu hakusema neno lolote kuhusu safari wala njaa mbele ya wale watoto. Alisema kihenge changu ndicho kizuri kuliko vyote alivyoviona, basi. Nilimshukuru moyoni.

"Ujazo wa mcheduara," akasema.

"Eneo la kitako mara kimo," wakaitikia wote.

"Eneo la duara?"

"Pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo."

"Haya. Msiniulize kitu. Kihenge ndicho mtakachokiuliza."

Akaketi nami juu ya kinu kilicholala, akanisaidia kupukuchua kunde.

Watoto walizungusha kamba pale juu, penye shingo, kwa kuwa ndipo ufito ulipochomoza, na kimo wakachukua zile shubiri mbili na kidogo nilizowatajia. Wakaandika chini kwa kijiti, wakagawanya, wakazidisha, wakabishana. Mwisho msichana mmoja mrefu, Agnetha, akatangaza, "Debe sita."

Sisi tunakula debe tatu kwa mwezi. Sita ni miezi miwili. Ufito wangu ulikuwa umesema kweli. Nikaendelea kupukuchua, ila kunde sikuziona tena vizuri.

"Mna hakika?" mwalimu akauliza.

"Tumefuata kanuni, mwalimu."

"Kanuni haina kosa. Mmepima mahindi au mmepima hewa?"

Vumilia akapanda ngazi, akapima kwa kamba kutoka mdomoni hadi mahindi yalipo. Akashuka, akaining'iniza kamba hiyohiyo kwa nje. Ncha yake ikafika chini sana, mahali kihenge kinapoanza kutanuka. Akachukua ile kamba waliyozungushia shingoni, akajaribu kuizungusha hapo.

"Mwalimu, haifiki," akasema. "Inabaki pengo kubwa."

"Kihenge cha bibi kina kitambi," akasema Agnetha, na wote wakacheka, hata mimi.

"Tulipima shingo," Vumilia akasema taratibu, kama anayejisemea. "Shingo tumeshaila. Mahindi yapo tumboni."

Mwalimu akaacha kupukuchua, lakini hakuinuka.

Wakaanza upya. Waliligawa tumbo vipande vitano vya sentimita kumi kumi, wakazungusha kamba kila kipande, wakatoa unene wa udongo, wakajumlisha. Jua lilikuwa limepanda na hakuna aliyeomba maji. Safari hii Vumilia ndiye aliyesoma jibu, na alilisoma mara mbili.

"Debe kumi na tano."

Miezi mitano. Mpaka mwezi wa sita uishe, tukiwa tumeshaanza kuvuna.

Nilijifanya nafuta vumbi usoni. Mwalimu akaniwekea mkono begani na kuuacha hapo. Kabla ya kuondoka, Agnetha alipanda kurudisha kifuniko, akakikandamiza pande zote ili panya wasipate njia. Hakuna aliyemtuma.

Mchana huohuo nikampigia Edson.

"Watoto wa darasa la sita, mayu? Na wewe umewaamini?"

"Kwanza walipata sita, kama mimi. Wakaona wamekosea, wakarudia. Wewe ulipokosea shule uliwahi kurudia?"

Akacheka kidogo. Nikamweleza habari ya shingo na tumbo.

"Baba alinionyesha akikifuma," akasema. "Nilisahau. Nami nikakimbilia kumtoa mtoto shule." Akavuta pumzi. "Basi abaki. Lakini mwezi huu ukiisha, angalia ufito uniambie."

Mwisho wa Februari nilipanda, Vumilia ameshika ngazi. Nilikuwa naogopa bado, nikashika ukingo muda mrefu kabla ya kutazama. Kutoka alama ya mwisho, mahindi yalikuwa yameshuka vidole vitano tu. Nikakata alama mpya karibu kabisa na ile ya zamani.

"Vipi, Bibi?" akauliza kutoka chini.

"Kipo," nikamwambia.

Siku hiyo aliutoa ule mfuko msumarini, akatia ndani madaftari yake.