Kocha Aliyeita Jina la Marehemu

"Lenox, rudi! Rudi nyuma!"

Tuligeuka sote, wasichana wa Magogoni, tukatazamana. Hapakuwa na Lenox kati yetu. Kando ya uwanja, Kocha Musyoka alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyetapika mbele ya wageni. Purity, aliyecheza winga ya kulia, ndiye aliyetuokoa na ule ukimya.

"Abee, Kocha," akaitika, akarudi nyuma.

Tangu hapo, kila jina hilo lilipomtoka, Purity aliitika. Mimi nilikuwa kipa. Nililisikia likikatiza uwanja mzima hadi golini.

Habari zake tulikuwa nazo. Lenox alikuwa winga wa timu moja kubwa ya Changamwe, Musyoka akiwa kocha mkuu. Adhuhuri moja ya jua la Februari aliinua mkono, akaomba kutolewa. Kocha akamwambia avumilie, mechi ilikuwa ukingoni. Lenox alianguka peke yake, mbali na mpira, asiinuke tena. Madaktari walisema ni moyo, maradhi ya kuzaliwa nayo ambayo hakuna aliyeyajua. Timu ilimzika, kisha ikamfukuza kocha, ikisingizia matokeo mabaya. Tangu hapo, watu walisema, usingizi ulimkimbia.

Alipokataliwa kila mahali, mwenyekiti wetu Caroline akamleta Magogoni.

"Mkosi haufi, Caroline, unahama nyumba tu," alimwonya Matano, mwenzake katika kamati.

"Basi na uhamie kwetu. Kufungwa tumeshazoea."

Lakini hatukufungwa. Alitufundisha kutulia na mpira, kupishana na kukutana kama ukindu katika mkeka, nasi tukashinda hadi tukajiogopa. Yeye tu ndiye hakufurahi. Bao likiingia, wengine walitazama nyavu. Yeye alitazama vifua vyetu, kama anayehakikisha kwamba vinapanda na kushuka.

Mechi ya mwisho ilikuwa Likoni. Sare tu ingetupandisha daraja. Tukiwa bado hatujafungana, na mashabiki wetu wameshaanza kuimba, Purity akagongana na beki, akaketi chini ameshika kifua. Akainuka. Hata akatabasamu. Lakini Kocha alikuwa ameshaingia uwanjani, refa akimpigia kipenga bure.

"Toka."

"Niko sawa, Kocha. Pumzi tu imenikata."

"Toka, mwanangu."

Wachezaji wa akiba tulikuwa tumeshawamaliza. Nilikimbia kutoka golini, nikamshika mkono. "Kocha, tutabaki pungufu. Nakuomba. Avumilie kidogo tu, mechi inaisha."

Alinitazama kama nimemfukulia kaburi. "Nyamvula," akasema polepole, "neno hilo usiniambie."

Akamtoa Purity, binti wa watu akilia kwa hasira.

Bao lilikuja kutoka kulia, mahali palipobaki wazi. Mpira niliugusa kwa ncha za vidole. Haikutosha.

Tulimfuata Purity hospitali na jezi zetu za jasho. Daktari alipotoka, alikuwa mchangamfu. "Hana kitu. Mbavu nzima, moyo mzima. Mpelekeni nyumbani."

Caroline akaguna. Mmoja wetu akapiga ukuta kwa ngumi. Msimu mzima umetupotea kwa ugonjwa usiokuwapo! Kocha alimwomba daktari arudie. Daktari akarudia. Akamwomba tena.

Kamati ilimwondoa mwezi huohuo, na tulipopanda daraja msimu uliofuata, tulikuwa na kocha mwingine. Watu bado huniuliza kama yule aliyefukuzwa Changamwe alifaulu kwingine. Nami huwaeleza hivyohivyo, kama ilivyo katika rekodi za timu, wakaridhika. Ya pale hospitali siwaelezi.

Siku ile Purity alitoka chumbani kwa daktari akiwa na maneno yake tayari. Niliyaona yakimtutumka shingoni. Kocha Musyoka alikuwa kwenye benchi la ukumbini, kichwa ukutani, mdomo wazi, amelala fofofo mchana kweupe, katikati ya vilio vya watoto na kelele za magurudumu ya vitanda. Purity akasimama mbele yake. Alisimama sana.

Nikanyoosha mkono nimtikise bega yule mtu, tuondoke.

"Mwache," Purity akaninong'oneza. "Mwache alale."

Akaketi kando yake, akangoja.