Ukuta Ulioishia Arobaini na Saba

Mwalimu Evodia alikuwa uani kwake Kinyangiri akichambua maharage ya jioni alipoiona aibu yake imeandikwa vumbini. Alikuwa amechukua kijiti ajaribu tu, ili moyo utulie. 83 mara 97. Jibu likatoka 8,051.

Asubuhi ile, mbele ya wazazi waliokuja kikaoni, alikuwa ameiandika namba hiyo ubaoni akasema ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Alijaribu kuigawanya kwa namba tasa zilizochorwa ukutani mwa darasa: mbili, tatu, tano, hadi arobaini na saba, pale mlango ulipoanza na mchoraji akaweka brashi chini. Miaka yote darasa lile liliishia mlangoni, na kwa namba ndogo halikukosea.

Mwanafunzi wake Winfrida akanyoosha mkono. Alisema kwa heshima kwamba namba hii ni kubwa, bado kuna za kujaribu hadi karibu na tisini. Evodia akawaona wazazi wakitazamana.

"Ukuta umekwisha, sasa unataka na mlango? Kaa chini."

Watu wakacheka. Tena, kwa hasira asiyoielewa mwenyewe, akamwondoa kwenye mashindano ya hesabu ya Singida mjini, akamweka mwenzake, Calist.

Na mchana huohuo ni mtoto yuleyule aliyemletea maji ya kunawa chaki, akayamimina polepole yasiirukie sketi ya mwalimu.

Maharage hayakuchambulika tena. Evodia aliyapika na mawe yake.

Kesho yake gari la mashindano lilikuwa limeshawashwa. Winfrida alikuwa akifagia mbele ya darasa. Alipomwona akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Evodia hakuitikia marahaba. Angeipokeaje heshima ile? Angeweza kumnong'oneza pembeni, yakaisha. Lakini jana mtoto alichekwa na wengi. Akawaita wanafunzi wote, na akina mama waliokuwa wakipita na ndoo wakasimama kusikiliza.

"Jana nilikosea," akasema, macho yakiwa chini. "Ile namba si tasa. Ni themanini na tatu mara tisini na saba. Winfrida aliniambia tuendelee, mimi nikamfanya achekwe. Nisamehe, mwanangu. Nafasi ni yako."

Calist akashuka garini bila kuambiwa. Alisema afadhali, maana tangu jana tumbo lilikuwa linamkata kwa woga. Wakacheka, na safari hii kicheko hakikumuumiza mtu.

Winfrida alibaki na ufagio, asijue auweke wapi. Evodia akampokea. Mtoto akamtazama, kisha akapiga goti tena, taratibu, kama vile lile la kwanza halikuwapo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Panda, wanakusubiri."

Gari likaondoka. Evodia akainama na kuendelea kufagia pale mtoto alipoachia, uso bado unamwaka.