Kopa Tano za Jérémie

Mchana ule ziwa lilikuwa limechafuka, na hakuna mtumbwi uliotoka mji wa Baraka. Anastasie alikuwa akisonga bugali katika mgahawa wake karibu na bandari aliposikia anaitwa kwa jina la mwanawe kutoka kwenye banda la nyavu.

"Mama Gentille! Kuja utukatie maneno!"

Akaipua sufuria, akaenda huku akijifuta mikono kwenye kitenge. Wanaume saba walikuwa wameizunguka meza. Upande mmoja alikaa mdogo wake, Déogratias. Upande wa pili Jérémie, mvuvi wa Nundu. Chini, baina ya miguu yao, palikuwa na nyavu mpya za Jérémie na injini ya mtumbwi ambayo Anastasie na Deo waliachiwa na marehemu baba yao. Anastasie aliiona injini, akaelewa. Deo alikuwa ameiweka dau katika mchezo wa karata.

"Yaya, angalia," Deo alimwambia dada yake, akizipanga karata zake. "Sita, saba, nane, tisa, kumi. Zinafuatana. Hii ni suite."

"Na mi niko na kopa tano," Jérémie akajibu. "Hazifuatane, lakini zote ni kopa. Couleur. Nani anashinda?"

Wengine walikuwa wamegawanyika. Lakini wote walijua kwamba Anastasie alijifunza mchezo huo kwa mumewe, Bonaventure, walipokuwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, wakichezea punje za maharage.

Deo alimtazama bila kupepesa macho. Alikuwa haombi kwa mdomo; aliomba kwa macho.

Anastasie alimkumbuka Bonaventure. Kule Lulimba, kwenye machimbo, Bonaventure alishinda karata kihalali, lakini yule aliyeshindwa alikuwa mkali, na mashahidi wakamwogopa. Wakasema karata za Bonaventure ni ndogo. Akabisha. Jioni yake akaletwa nyumbani amefunikwa shuka, na wale mashahidi wakaja msibani kulia kuliko wote.

"Mulikubaliana kabla ya kuanza?" aliuliza.

"Tulikubaliana tufuate sheria ya mchezo," alisema Jérémie.

"Basi musikie. Mukikosa vyote, karata kubwa ndiyo inashinda. Mbili zenye kufanana zinapita hiyo. Mbili mara mbili zinapita hizo mbili peke yake. Tatu zenye kufanana zinapita hizo zote. Kisha suite."

Deo alikuwa tayari ameweka mkono juu ya injini.

"Juu ya suite kuko couleur. Juu ya couleur kuko full, tatu na mbili. Halafu nne zenye kufanana, na mwisho suite ya alama moja. Jérémie ameshinda."

Deo aliuondoa mkono, akasimama, akatoka, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Jérémie hakushangilia. Akaibeba injini begani kama mtu anayebeba jeneza la mtoto.

Mama yao, Marthe, aliposikia, alikaa kitako barazani. "Mwanangu, ulishindwa kusema neno moja la uongo kwa ajili ya ndugu yako?"

"Nilishindwa, mama."

"Na sasa atavuka ziwa na nini?"

Anastasie akarudi mgahawani kwake. Majuma matatu alimwona Deo kwa mbali akipiga kasia, mgongo umepinda, akirudi na samaki wachache wakati wenzake wamekwisha kuuza. Alimpelekea chakula mara mbili; mara mbili sahani ikarudi haijaguswa.

Juma la nne, saa ya watu kula, Deo akaingia mgahawani, akakaa kwenye benchi la nyuma. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Anastasie akamwekea bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki, akasimama kando. Deo akala mpaka akamaliza.

"Sitacheza tena," alisema hatimaye.

"Vizuri."

"Lakini nakuambia kweli, yaya. Siku ile nilitaka unidanganyie. Hata leo ningetaka."

"Najua," Anastasie alisema. "Nami nilitaka."

Deo akanawa mikono taratibu, akiilinda ile michubuko. Kisha akauliza kama bugali imebaki, ampelekee mama.