Mioyo Mitano ya Octave

Jumamosi hiyo, mwaka wa hamsini na nne, Octave aliweka uma upande wa kushoto wa kila sahani, akapanga viti vinne kuzunguka meza, akamwaga chokaa chooni, kisha akakaa kuisubiri kamati. Kamati ilikuwa wazungu wawili: Bwana Gaston, mkubwa wa serikali, na Daktari Roger, aliyekuja kwa ajili ya bia. Kazi yao ilikuwa kuangalia kama Octave, mwalimu wa hesabu hapo Kasongo, ameshastaarabika vya kutosha kupewa kadi. Mwenye kadi aliruhusiwa kumpeleka mtoto wake katika shule ya wazungu. Octave hakuitaka kadi kwa sababu nyingine yoyote. Binti yake Louise alikuwa amemaliza yote ambayo masista waliweza kumfundisha, isipokuwa kushona, ambako alikataa.

Hakuna sheria iliyosema kwamba mtu mstaarabu lazima ajue briji, mchezo wa karata wa wazungu. Lakini Faradji, fundi viatu, alirudi kutoka Kabambare na habari kwamba kule mtu amenyimwa kadi kwa kushika karata kama anayeshika karanga. Basi waombaji wote wa Kasongo wakajifunza briji, wakaijua kuliko katekisimu. Kamati ilipokuta meza ya karata katika kila nyumba, ilidhani hiyo ni desturi ya wenyeji, ikaiheshimu kwa kukaa na kucheza.

Nyumba ya Octave ilikuwa na jambo lake dogo. Mchezo ukiwa na turufu, karata zilitulia, kwa kuwa kulikuwa na aina moja ya kuzitawala nyingine. Mtu akitangaza mchezo bila turufu, aina ya karata iliyotupwa kwanza, iwe maua, vigae, majembe au mioyo, ilikuja chumbani. Siku ya Mwaka Mpya Octave alifungua kwa maua. Majani yakaota katikati ya viti na mbuzi wa jirani wakaingia kuyala. Alipofungua kwa vigae, pembe moja ya sakafu ilipata vigae vyekundu, navyo vipo mpaka leo. Alipofungua kwa majembe, majembe yalitoka ukutani, na serikali ikayachukua yote kwa mashamba ya pamba. Kwa mioyo alikuwa hajawahi kufungua. Alisema hana hamu ya kujua.

Walianza kucheza jua likiwa linashuka. Octave alicheza na mkewe, Emilienne, dhidi ya kamati. Bwana Gaston aliangalia karata zake, akafuta mdomo, akatangaza bila turufu, akiahidi kula mara tisa kati ya kumi na tatu. Octave alikuwa kushoto kwake, kwa hiyo karata ya kwanza ilikuwa yake, kabla hajaona karata ya mtu mwingine yeyote.

Mkononi alikuwa na majembe matatu mazuri yanayofuatana, malkia akiwa juu. Jembe lingekuwa salama, lisingemkera mgeni. Tena alikuwa na mioyo mitano: mfalme, ghulamu, nane, sita na mbili. Mafundisho ya briji yako wazi: bila turufu, fungua kwa aina uliyo nayo nyingi, kwa karata ya nne kutoka juu. Mwanzoni utapoteza kidogo. Baadaye wakubwa watakwisha, na wadogo wako watakula bila kuulizwa.

Octave alishika malkia wa majembe, akamwachia. Alishika sita ya moyo, akaiachia. Emilienne hakukohoa wala kukonyeza, maana ni kosa kumsaidia mwenzako. Alimtazama tu jinsi alivyomtazama siku ya ndoa padri alipouliza swali na jibu likachelewa.

"Baba Louise," alisema mwishowe, "bia ya daktari iko inakwisha."

Octave akatupa sita ya moyo.

Vifua vikawaka, kila kimoja kama taa nyuma ya pazia, na yaliyomo ndani ya kila mtu yakaonekana. Katika moyo wa daktari alikuwemo daktari mwenyewe, amelala. Katika moyo wa Emilienne na wa Octave kulikuwa na dawati lilelile, na Louise ameketi. Katika moyo wa Bwana Gaston, uliowaka kuliko yote, alikuwemo Octave, mdogo kama kidole, amevaa aproni nyeupe na kubeba sinia la bilauri. Alionekana anapendwa sana.

Louise alitoka jikoni kuangalia. Aliinama karibu na kifungo cha tatu cha shati la mgeni.

"Huyu wa aproni iko nani?"

"Iko baba yako," alisema Bwana Gaston, akitafuta karata. "Nilizani munajua."

Emilienne alikula kwa rasi, karata inayomzidi hata mfalme, akarudisha moyo. Octave akala kwa ghulamu, kisha mfalme, kisha nane. Mwisho akatupa ile mbili, karata ndogo kuliko zote, na hakuna aliyebaki na moyo wa kuizuia. Mara tano. Bwana Gaston alibakiwa na mara nane tu, badala ya tisa alizoahidi. Alimpa Octave mkono, akamsifu kwa dhati, akamwambia kwamba kadi wataiangalia tena mwakani.

"Mwakani na aproni, ao bila?" aliuliza Emilienne.

Bwana Gaston alikuwa mtu mkweli. Aliinamia kifua chake, akatazama vizuri.

"Na aproni," alisema, akamnyooshea Octave bilauri tupu.

Octave aliijaza.

Mwanga ulidumu mpaka karata zichanganywe upya, kwa hiyo jioni hiyo Emilienne hakuzichanganya tena. Kamati iliendelea kuja kila Jumamosi, mwaka huo na uliofuata, kwa sababu Bwana Gaston aliipenda nyumba ile. Alimletea Louise hata kitabu cha hesabu cha darasa ambalo hakuruhusiwa kuingia. Kila alipopata nafasi Octave alifungua kwa mioyo, na Louise alivuta kigoda karibu na kifua cha mgeni, akasoma. Mafuta ya taa yalibaki chupani. Jioni moja Louise alimwomba asogeze mkono, maana ulikuwa unatia kivuli kwenye ukurasa, na Bwana Gaston, aliyekuwa mpole siku zote, akausogeza.