Taa Zinazopata Moto

Niseme mapema ili baadaye nisionekane mnafiki: wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa ananikera. Si kwa ubaya. Ananikera kwa sababu hana haraka, hapandishi sauti, na mwisho wa siku yeye ndiye anayeonekana alikuwa sahihi. Mtu wa aina hiyo utagombana naye vipi? Mimi mdomo wangu hauna breki, nikianza kusema mpaka majirani wanafunga madirisha. Yeye ananisikiliza hadi mwisho, halafu ananiuliza kama nitakunywa chai.

Mwaka huu nilichukua likizo nikafika nyumbani kwa wazazi wiki mbili kabla ya sikukuu, na nilikuja na kazi moja kichwani: kufyeka stoo. Baba alikuwa amejikwaa kwenye ngazi mara mbili, Mama akaamua Baba ahamie chumba cha chini. Chumba chenyewe ndiyo stoo, na stoo ilikuwa imejaa mapambo ya sikukuu, katoni kumi na nne. Vitakavyobaki vyote vilitakiwa vienee kwenye kabati moja la korido lenye rafu nne.

Baba ni fundi umeme mstaafu, mtaani wanamwita Mzee Taa. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye anayepamba nyumba siku moja kabla ya sikukuu. Anapamba peke yake, kuanzia kona ya geti hadi dirisha la jikoni, na hakuna mwenye ruhusa ya kugusa hata utepe. Kazi yetu sisi ni kusimama uani na kusifia. Mwaka jana taa zililala upande na nyota ya bati ilitundikwa nyuma mbele, lakini alipouliza kama zimenyooka, tukajibu wote kwa sauti moja, "Zimenyooka, Baba!" Akauliza tena. Tukajibu tena.

"Macho yamezeeka," ndivyo anavyosema mwenyewe, na ukimchimba zaidi anakuuliza habari za kazini. Lakini jioni niliyofika, tukiwa mezani, alisema jambo lililonifanya niache kutafuna.

"Safari hii nikishindwa kupamba mwenyewe, basi tena. Sitaki fundi wa kukodi na sitaki kushikwa mkono. Nyumba itakaa hivyo hivyo."

Kaka akatazama sahani yake. Mama akaniongezea chakula ambacho sikuomba. Roho iliniuma, kwa sababu namjua baba yangu, akisema basi ni basi. Siku ya kuacha taa ndiyo siku atakayokaa kitini na kuanza kuwa mgonjwa.

Kesho yake mimi na wifi tukatandika turubai uani tukaanza kupakua. Wifi ni mtunza stoo kwenye karakana moja ya malori. Kazi yake ni boliti, mikanda, na vipuri vingine elfu ambavyo kwa macho yangu vyote ni chuma tu. Karakana yao umeme unakatika ovyo, na dereva mwenye gari bovu hasubiri umeme urudi, kwa hiyo wenyewe wana kanuni yao: stoo haijapangika mpaka uweze kutoa kitu gizani. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, nikaichukulia kama majigambo ya watu wa gereji.

Tulitenga mafungu matatu: vinavyobaki, vya kugawa, vya kutupa. Fungu la kutupa nililipalilia mimi. Kulikuwa na maputo yaliyogandana kama ubani uliotafunwa, minyororo ya karatasi iliyoliwa na mende, na shada moja la plastiki ambalo lenyewe nadhani lilikuwa limesahau lilikuwa la rangi gani. Wifi hakubisha hata kimoja. Tulikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye taa.

Zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na zile za zamani, balbu za kioo zenye ukubwa wa limau, kwenye waya mweusi mzito. Na kulikuwa na zile mpya nilizomletea Baba mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita, nyepesi, zisizopata moto hata ziwake wiki nzima.

"Hizi za kizamani zinakula umeme na zinachoma vidole," nikasema. "Tupa."

"Hizo hazitoki, wifi."

"Hazitoki? Na nafasi yenyewe ni kabati moja?"

"Tugawe hizo nyingine."

"Hizo nyingine ni zawadi yangu!"

"Najua, wifi yangu. Atakayepewa atakushukuru sana."

Niliongea dakika kumi nzima bila kupumzika. Aliponiona nimeishiwa pumzi akaniuliza kama nitakunywa chai. Balbu za kizamani zikabaki, zawadi yangu ikaenda kwa jirani.

Hata hivyo, nilipomwona anafunga, hasira zilinitoka kidogo kidogo. Sijawahi kuona mikono kama ile. Kila waya aliuzungusha kwenye kipande cha mbao, mizunguko imelala sawasawa, plagi imebaki nje ili iwe ya kwanza kushikwa. Nyota za bati alizitenganisha kwa magazeti zisikwaruzane. Riboni alizikunja bila kuacha kunyanzi, na kila kitu kikaingia kwenye mfuko wake wa kitambaa alioushona mwenyewe. Katoni kumi na nne zikawa mifuko ishirini na mitatu, na bado rafu ya chini ilibaki na nafasi ya ndoo ya Mama ya kudekia.

Kilichonishinda ni mpangilio. Utepe mwekundu alikuwa ameuweka pamoja na mapazia ya buluu, nyota moja rafu ya juu na nyingine rafu ya pili. Halafu kila mfuko aliufunga kamba yenye kitu kinachoning'inia: kifungo cha koti, kizibo cha soda, ufunguo uliopoteza kufuli, kamba nyingine zina mafundo mawili, nyingine matatu. Na alikuwa anafumba macho anapoviweka.

"Unasali au unasinzia?" nikamuuliza.

"Napima," akasema, akaendelea.

Baada ya siku nne akarudi kazini. Nikabaki nyumbani mimi na kabati, na kadiri nilivyolitazama ndivyo lilivyozidi kunichokoza. Mtu gani ana akili timamu anaweka nyekundu na buluu pamoja? Asubuhi moja nikavua pete nikaanza. Nilipanga kwa rangi: nyekundu juu, dhahabu ikafuata, buluu, kijani. Vifungo na vizibo nikavikata vyote nikavitupa kwenye pipa la taka. Halafu nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika lebo, herufi kubwa kama za bango la duka, kwa makusudi, kwa sababu nilikumbuka macho ya Baba. Nilijiona mjanja mno. Nikalipiga picha kabati nikamtumia Kaka.

Saa kumi alasiri Baba akaja koridoni. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni, hakuniona. Alifungua kabati, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye rafu ya pili bila kutazama, akashika mfuko, akaanza kutafuta kamba. Akapapasa. Akaurudisha akachukua wa pili, akaupapasa juu na chini, halafu wa tatu. Mkono wake ukasimama hewani.

"Nani amegusa hapa?"

"Ni mimi, Baba. Nimekupangia vizuri. Si unaona lebo?"

Akaurudisha mfuko wa tatu. "Naziona," akasema. "Ahsante, mwanangu." Akafunga kabati taratibu, akaenda kukaa sebuleni akitazama upande ambao hakukuwa na kitu.

Kidole chake kilikuwa kimepita juu ya lebo yangu mara mbili, na hakikusimama. Hapo ndipo nilipoelewa, na sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Wifi aliporudi jioni kutoka kazini alinikuta nimekaa sakafuni mbele ya kabati. Alitazama lebo, akatazama kamba zilizokatwa, akakaa kando yangu na ovaroli lake na viatu vyake vya kazi. Nilisubiri anifokee. Nadhani ningefurahi kama angenifokea.

"Haoni maandishi tangu katikati ya mwaka," akasema. "Anaona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Aliniomba nimtengenezee stoo kama ya karakana. Amejifunza rafu zile kila alfajiri mkiwa mmelala. Kifungo ni dirisha la sebule, kizibo ni mlango mkubwa. Mifuko imefuatana anavyotembea, kutoka getini mpaka jikoni."

"Na angeniambia mimi, binti yake wa kumzaa?"

"Alisema wewe utalia."

"Nisingelia!" nikasema, huku machozi yananidondoka.

Nililiinamia lile pipa la taka nikafukua kwa mikono yangu, maganda ya viazi na majani ya chai, hadi nikapata kifungo cha mwisho. Wifi akanifunga macho kwa mtandio wake. Akaanza kunitajia mfuko kwa mfuko, yote ishirini na mitatu, bila karatasi yoyote, kitu gani, rafu gani, mafundo mangapi, na mimi nikafunga kila kamba gizani mwangu. Nikikosea alikuwa anaugusa mkono wangu tu na kuurudisha. Mwanamke huyu kichwani mwake kulikuwa na nyumba nzima ya baba yangu, kila ndoano na kila kona, na hakuwahi kuitaja mezani ili asifiwe. Nilimheshimu pale sakafuni kuliko nilivyowahi kumheshimu mwalimu yeyote.

Tulipomaliza akasema, "Kabati liko tayari. Baba hayuko tayari. Hiyo kazi ni yako."

Nikaenda sebuleni. Baba alikuwa bado amekaa vilevile.

"Baba, nimevuruga. Lebo nimezichana, kamba zimerudi zote."

Alinigeuzia uso. "Lebo zenyewe," akauliza, "zilikuwa na maandishi makubwa?"

"Makubwa sana, Baba."

"Hata hayo," akasema.

Nilimshika mkono. Akaniuliza habari za kazini, nikamjibu.

Siku moja kabla ya sikukuu tulisimama uani kama kawaida: Mama, Kaka, mimi na wifi. Hatukujua kama atatoka. Saa tisa tukasikia mlango wa kabati. Akatoka na mfuko wa kwanza, akatembea mpaka getini, akatundika. Akarudi akaja na wa pili. Ni mrefu, na ndoano za ukutani aliziweka zamani pale mkono wake unapofikia, kwa hiyo hakuhitaji kupanda popote. Vidole vilikuwa vinafika kwenye ndoano kabla yake, vinasubiri. Sijaona kitu kizuri zaidi ya hicho mwaka mzima.

Taa za kizamani alizitandaza juu ya mlango mkubwa akazichomeka. Jua lilikuwa bado kali, na sisi wanne wenye macho yenye afya hatukuweza kujua ipi inawaka na ipi haiwaki. Baba alisubiri kidogo. Kisha akapitisha vidole kwenye balbu moja baada ya nyingine, akigusa na kuachia, akigusa na kuachia. Kwenye ya sita akasimama.

"Hii ya baridi. Imekufa," akasema, akatoa nyingine mfukoni akaibadilisha.

Niligeuka kumtazama wifi yangu. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Nikakumbuka zile dakika kumi nilizoongea juu ya turubai, na zile taa zangu za baridi zilizoko kwa jirani, nikamshika bega.

Baba alirudi nyuma hatua tano, akageuza uso kwetu. "Zimenyooka?"

"Zimenyooka, Ba..." Kaka akaanza.

"Ya tatu kutoka kulia imelala, Baba," nikasema.

Kaka akanikodolea macho kama nimetukana. Mama akashika shavu. Baba alisimama palepale.

"Imelala upande gani?"

"Kushoto. Upana wa vidole viwili."

Akarudi mlangoni, akahesabu kwa kugusa, moja, mbili, tatu, akauvuta waya juu ya ndoano. "Sasa?"

"Sasa imenyooka." Na ilikuwa imenyooka kweli.

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana zote zilikuwa zimelala, Baba. Na nyota ilikuwa nyuma mbele."

Alicheka, kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nifike. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja hata mmoja wenu aseme." Kisha akaingia ndani kwenda kuleta mfuko wenye kifungo.