Maji Juu ya Mtoto wa Anyango

Paskazia aliwazika watoto watatu, wote wachanga, kwenye mteremko mmoja nyuma ya mawe ya Ilemela. Baada ya wa tatu, mama mkwe wake alisema mbele ya watu kwamba mikono ya mwanamke yule ina mkosi. Maige, mumewe, alimsihi mama yake asirudie neno hilo, lakini lilikuwa limekwisha kutoka. Wanawake wakawa wanawaita watoto wao ndani akipita. Lililomuumiza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuliamini. Hata kanisani, mtoto akimsogelea, alificha mikono ndani ya khanga.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mvua za vuli zilishuka bila kupumzika. Jirani yake Anyango, Mjaluo wa kutoka Mara, alijifungua kabla ya miezi kutimia. Mkunga alikata kitovu, akamtazama mtoto, akamwambia mama yake ajikaze, kisha akaenda zake. Ojuok, baba wa mtoto, alitoka mbio kumtafuta katekista Mayala aje kubatiza. Akaambiwa yuko Misungwi, na maji yamefunika barabara. Akamfuata hivyo hivyo.

Mchana ule Paskazia alipeleka uji. Hakukusudia kuingia, aliweka bakuli mlangoni, akabisha hodi. Anyango alimwita kwa sauti ndogo.

"Dada, anabadilika rangi. Mayala hatawahi. Mbatize wewe."

Paskazia akasema atakwenda kumwita mtu mwingine. Anyango akamjibu kwamba hakuna muda.

"Unajua wanavyosema juu ya mikono yangu."

"Najua. Mbatize."

Paskazia alisimama pale, mvua ikimpiga mgongoni. Alikumbuka mafundisho ya Mayala: penye hatari ya kufa, mtu yeyote aweza kubatiza, mradi amimine maji na kutamka maneno. Mayala hakusema lolote kuhusu mikono. Akajaribu kusali, sala zote alizozijua zikamkimbia. "Bwana, naogopa," alisema. "Nishike." Hofu haikuondoka. Aliingia nayo.

Mtoto alikuwa mwepesi hata alidhani amebeba nguo tupu. Anyango akataja jina. Paskazia akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati, akayamimina juu ya kile kichwa kidogo, mengine yakimwagikia miguuni.

"Petro, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Akamfuta, akamfunika, akaketi naye karibu na mama yake. Kabla mvua haijakatika, mtoto alikufa mikononi mwake.

Jambo aliloliogopa kuliko yote lilikuwa limetokea. Alingoja moyo wake umhukumu kama ulivyozoea. Haukumhukumu. Alijua tu, bila kuambiwa na mtu, kwamba hakumuua mtoto huyu, na wale watatu hakuwaua. Mungu alikuwa amewapokea wote, na mikono yake ilikuwa imewabeba tu. Ndipo akalia, yeye na Anyango, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Ojuok alirudi amelowa, peke yake. Aliuliza neno moja tu, kama mtoto amebatizwa. Paskazia akamwambia ndiyo, anaitwa Petro. Yule bwana akaketi kizingitini, akajifunika uso.

Kwenye msiba, mama mkwe alisema yale yale, tena kwa sauti. Paskazia alimsikia, akaendelea kumwosha mtoto. Wakati wa kwenda makaburini Anyango alikataa mtoto abebwe na mtu mwingine ila Paskazia, basi akambeba yeye, akipita kando ya vile vilima vitatu vya udongo ambavyo majani yalikuwa yamekwisha kuvifunika.

Paskazia hakupata mtoto mwingine. Baadhi ya majirani waliendelea kuwaita watoto wao ndani. Aliwasalimu, wengine wakaitikia, wengine wakanyamaza. Hofu nayo ilimrudia mara kwa mara, hasa mvua zikianza. Siku hizo alimwambia Maige waziwazi kwamba anaogopa, wakasali pamoja, halafu akachukua jembe akaenda kumsaidia Anyango shambani.